Bill Haslam na ada ya bure: mfanyabiashara alipokabidhiwa Tennessee

Februari 2014, Bill Haslam alisimama mbele ya wabunge wa jimbo la Tennessee mjini Nashville akatoa ahadi ambayo wengi hawakuitegemea kutoka kwa gavana wa chama cha Republican. Kila kijana anayemaliza sekondari katika jimbo lile, mwenye alama za juu au za kawaida, wa tajiri au wa maskini, atasoma chuo cha kijamii cha miaka miwili au chuo cha ufundi bila kulipa ada. Mpango ukapewa jina Tennessee Promise. Mei mwaka huohuo akausaini kuwa sheria, baada ya kupita kwa kura nyingi za vyama vyote viwili, na wanafunzi wa kwanza wakaingia darasani muhula wa vuli wa 2015.

Mwaka ule ule, tena mwezi ule ule wa Februari, kulikuwa na jambo jingine likiendelea kusini mashariki mwa jimbo. Wafanyakazi wa kiwanda cha Volkswagen mjini Chattanooga walikuwa wanapiga kura kuamua kama wajiunge na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Haslam alipinga hadharani, akisema kiwanda chenye chama kingewafukuza wawekezaji wengine. UAW ilishindwa kwa kura 712 dhidi ya 626.

Watu wengi huyasimulia mambo haya mawili kama visa viwili tofauti: la kwanza Haslam mwema wa elimu, la pili Haslam rafiki wa waajiri. Mimi nayasoma kama jambo moja. Kwenye daftari la mtu yule yameandikwa ukurasa mmoja, chini ya kichwa cha habari kimoja: namna ya kumfanya mwajiri aichague Tennessee na si jimbo la jirani. Ukilishika hilo, karibu kila alichokifanya kwa miaka minane kinaeleweka, pamoja na kilichomharibikia.

Vituo vya malori

Baba yake, Jim Haslam, alianza mwaka 1958 kwa kununua kituo kimoja cha mafuta Gate City, Virginia, kwa dola 6,000. Bill alizaliwa mwaka huohuo. Kampuni, Pilot, ikakua hadi kuwa mtandao mkubwa kuliko yote ya vituo vya malori Amerika Kaskazini: pale dereva wa masafa marefu anapojaza dizeli, anakula, anaoga, anaegesha na kulala ndani ya kichwa cha lori. Biashara ya mafuta ya rejareja ina faida ya senti kwa galoni. Anayedumu ndani yake ni yule anayejua kila asubuhi kituo kipi kimeuza nini, na kwa nini cha jirani kimeuza zaidi. Mali bila daftari huisha bila habari, na familia ya Haslam haikuwahi kukosa daftari.

Bill alisoma historia Chuo Kikuu cha Emory, akarudi nyumbani kufanya kazi kwa baba hadi akawa rais wa kampuni, kisha akaenda kuendesha mauzo ya mtandaoni na ya katalogi ya maduka ya Saks Fifth Avenue. Mwaka 2003 alichaguliwa meya wa Knoxville, mji wao. Mwaka 2010 akashinda ugavana kwa asilimia 65 hivi, na 2014 akarudishwa kwa takriban asilimia 70, akichukua wilaya zote 95 za jimbo. Forbes lilimtaja kuwa miongoni mwa wanasiasa matajiri kuliko wote Marekani.

Kuhusu uchumi hakuja na falsafa mpya. Tennessee haikati kodi kwenye mishahara. Serikali yake inaishi kwa kodi ya mauzo, asilimia 7 ya jimbo, na juu yake wilaya na miji inaongeza ya kwao. Haslam hakuigusa misingi hiyo. Alifuta kodi ya urithi hatua kwa hatua, akasaini pia kuondolewa polepole kwa kodi ya gawio na riba. Mwaka 2017 akapandisha kodi ya petroli kwa mara ya kwanza tangu 1989 ili kugharamia barabara, huku akishusha kodi ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 4. Kaulimbiu yake ilikuwa kuifanya Tennessee namba moja kusini mashariki mwa Marekani kwa ajira zenye ubora.

Shida ya kaulimbiu hiyo ni majirani. Georgia, Alabama, Kentucky, Carolina zote mbili: kila moja inamwambia mwekezaji maneno yale yale. Ardhi ipo, umeme upo, kodi ndogo, vyama vya wafanyakazi dhaifu. Nissan ilifungua kiwanda Smyrna mwaka 1983, Volkswagen ikaanza kutengeneza magari Chattanooga mwaka 2011, Hankook ikachagua Clarksville kwa matairi mwaka 2013. Kila wakati mazungumzo yalifika mahali pamoja: mnao watu wa kuendesha na kutengeneza mitambo hii? Majirani wakiwa na bei sawa, ushindani unahamia kwenye bidhaa. Na bidhaa hapa ni mtu mwenye cheti.

Naandika "bidhaa" kwa makusudi, kwa kuwa hivyo ndivyo hesabu ilivyopigwa. Septemba 2013 Haslam alizindua kampeni iitwayo Drive to 55: ifikapo 2025, asilimia 55 ya watu wazima wa Tennessee wawe na shahada, diploma au cheti cha baada ya sekondari. Wakati ule waliokuwa nacho walikuwa kama asilimia 32. Lengo halikutoka kwa wanafalsafa wa elimu waliojiuliza binadamu ajifunze nini. Lilitoka kwenye makadirio ya sehemu ya ajira zijazo zitakazotaka cheti. Kutoka 32 kwenda 55 ni pengo, na pengo mfanyabiashara hulisoma kama soko ambalo halijahudumiwa.

Wazo lilitoka Knoxville

Tennessee Promise haikuzaliwa ikulu. Mwaka 2008, Haslam akiwa bado meya, Knoxville na wilaya yake walianzisha mpango mdogo ulioitwa Knox Achieves, kwa michango ya watu binafsi. Mmoja wa waliousukuma ni Randy Boyd, mfanyabiashara aliyetajirika kwa uzio wa umeme usioonekana unaozuia mbwa wasitoke uani. Mpango ukaenea wilaya nyingine, ukabadili jina kuwa tnAchieves. Haslam alipokuwa gavana alimwita Boyd awe mshauri wake wa elimu ya juu, bila mshahara. Boyd alikuja na kitu ambacho tayari kilikuwa kimejaribiwa mtaani kwa miaka mitano, makosa yake yakijulikana. Hii ndiyo tabia ya kibiashara ninayoiona imemsaidia Haslam kuliko zote: hakubuni mpango kwenye karatasi kisha kuushusha jimbo zima. Alipanua duka lililokuwa linauza.

Pesa alizipata kwenye bahati nasibu. Tennessee ilianza bahati nasibu ya serikali Januari 2004, mapato yakienda kwenye masomo, hasa ufadhili uitwao HOPE kwa wanafunzi wenye alama nzuri. Kufikia 2014 akiba ilikuwa imerundikana. Haslam akachukua zaidi ya dola milioni 300 za akiba hiyo akaziweka kwenye mfuko wa kudumu, ili mpango uishi kwa faida ya mfuko pamoja na ziada ya kila mwaka, bila kwenda kuomba fungu kwenye bajeti. Wakati huohuo ufadhili wa HOPE kwa wanaoenda vyuo vikuu vya miaka minne ukapunguzwa kutoka dola 4,000 hadi 3,500 kwa miaka miwili ya mwanzo, ukaongezwa hadi 4,500 kwa miwili ya mwisho. Vyuo vikuu binafsi vilipiga kelele, na vilikuwa na haki ya kupiga: ada ya bure ya jirani ilikuwa inalipwa kwa sehemu na wateja wao.

Kuna kejeli hapa ambayo wasomaji wa Nashville huielewa mara moja. Wanunuzi wakubwa wa tiketi za kukwangua si matajiri, na tiketi nyingi huuzwa palepale unapolipia mafuta. Kwa hiyo sehemu ya ada ya kijana wa kipato cha kati inatoka mfukoni mwa mtu anayepita kituo cha mafuta na dola mbili za kujaribu bahati.

Dola ya mwisho

Sasa tuingie kwenye mtambo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wasifiaji na walaumuji wote huteleza. Tennessee Promise hulipa kile kinachobaki baada ya misaada mingine yote kutumika. Wenyewe huiita dola ya mwisho.

Tuchukue wanafunzi wawili wa kubuni, ada ikiwa dola 4,000 kwa mwaka, ambayo iko karibu na hali halisi ya 2015. Wa kwanza ni binti ambaye mama yake anafanya usafi hotelini. Kwa kipato chao anastahili ruzuku ya serikali kuu kwa maskini, Pell Grant, ambayo mwaka ule wa masomo ilifikia dola 5,775. Pell inaimeza ada yote na kubakiza kama dola 1,775 za vitabu na nauli. Tennessee Promise inamlipia nini? Sifuri. Wa pili ni kijana ambaye baba ni fundi wa umeme na mama ni karani wa benki. Hapati Pell, na alama zake hazikufika HOPE. Huyu Promise inamlipia zote 4,000.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hili linagonga kichwa. Bodi zetu za mikopo, HESLB na HELB, zinapambana kila mwaka na swali la nani ni mhitaji zaidi, na lawama hazikosi. Tennessee ilifanya kinyume kabisa: pesa ya jimbo ikaenda zaidi kwa ambaye si maskini sana. Wachumi wengi wa elimu Marekani walilisema hilo tangu siku ya kwanza. Kwa kigezo cha nani kapokea senti ngapi, wako sahihi, sina la kuongeza.

Lakini yule binti wa mama wa hotelini alikuwa na haki ya kusoma bure hata kabla ya Haslam. Pell ilikuwepo tangu miaka ya 1970. Hakwenda kwa sababu hakuna aliyemwambia kwa sentensi moja inayoeleweka. Aliambiwa kuna fomu ya serikali kuu, FAFSA, yenye maswali ya kodi za wazazi, na kwamba baada ya kuijaza huenda akapata kitu, itategemea. Neno "itategemea" limewazuia watoto wa maskini wasiende chuo kuliko ada yenyewe. Haslam aliliondoa. Bei ikaandikwa ukutani: sifuri. Halafu, kwa kuwa ili kuipata bei hiyo lazima ujaze FAFSA, binti akaijaza, na Pell aliyokuwa akiiacha mezani miaka yote ikamfikia. Tennessee ikapanda kuwa kinara wa nchi nzima kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaojaza fomu hiyo. Jimbo likavuta pesa za Washington kwa kutumia tangazo lake lenyewe. Muuza mafuta anayeujua umuhimu wa bango la bei barabarani hakuhitaji kufundishwa hili.

Bango peke yake lisingetosha. Kila mwombaji alipangiwa mshauri wa kujitolea: mwalimu mstaafu, mhasibu, muuguzi, mtu yeyote mwenye saa moja hivi kwa mwezi ya kukumbusha tarehe. Maana tarehe ndizo zinazoua. Kuomba kabla ya Novemba mosi, FAFSA kabla ya siku yake, mikutano ya lazima, na saa nane za kazi ya kujitolea kabla ya kila muhula. Ukikosa hata kimoja umetoka. Kwa kijana ambaye wazazi wake walisoma chuo, orodha ile ni kero ndogo tu. Kwa ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kujaza fomu kama ile, ujumbe wa simu kutoka kwa mshauri usemao "kesho ndiyo mwisho, umeshatuma?" ndio unaoamua.

Mwaka wa kwanza waliomba takriban 58,000, yaani wengi wa waliokuwa wanamaliza sekondari jimbo zima. Walioandikishwa chini ya mpango walizidi 16,000. Sehemu ya wahitimu wa sekondari wanaoendelea na masomo ikapanda kutoka asilimia 58.1 kwa darasa la 2014 hadi 64.3 kwa darasa la 2015. Wanafunzi wapya wa vyuo vya kijamii waliongezeka kwa karibu robo. Haslam aliziweka takwimu hizo kila alipopata kipaza sauti, na Januari 2015 Barack Obama alikwenda Pellissippi State, chuo cha kijamii cha Knoxville, kutangaza pendekezo lake la kitaifa la aina hiyo akiitaja Tennessee kama mfano. Pendekezo la Obama liliishia Washington. Mwaka 2017 Haslam akaongeza Tennessee Reconnect kwa watu wazima wasio na shahada, ukaanza kufanya kazi 2018. Jimbo lilikuwa na zaidi ya watu 900,000 walioanza chuo zamani wakaacha njiani, na bila hao lile lengo la asilimia 55 lisingefikika hata kila kijana aende shule.

Kundi moja lilibaki nje. Mkimbizi mwenye hadhi ya kisheria anastahili misaada ya serikali kuu, kwa hiyo hata mtoto wa familia ya Warundi iliyopokelewa Knoxville anaweza kuomba kama mwenzake. Asiye na hati za ukaazi hapati. Mwaka 2015 kulikuwa na muswada wa kuwapa vijana wa aina hiyo waliokulia Tennessee angalau ada ya mkazi badala ya ada ya mgeni, ambayo ni kubwa maradufu na zaidi. Haslam aliuunga mkono, na hoja yake ilikuwa ileile ya daftari: tumeshagharamia sekondari yao, tunawatupa wa nini? Ukakosa kura moja bungeni.

Kuandikishwa na kumaliza

Takwimu za kuandikishwa hupendeza kwa kuwa huja haraka. Za kumaliza huchelewa, na hazikuwa tamu kiasi hicho. Katika kundi la kwanza, baada ya mihula mitano, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amepata cheti au diploma. Ni afadhali kuliko waliowatangulia, ambao walikuwa kwenye asilimia 14 hivi. Hata hivyo wengi walikuwa wameacha au bado wanasota.

Sababu zinajulikana, na ada si mojawapo. Tennessee vijijini hakuna basi. Chuo kiko maili 40, gari ni la zamani, na siku linapogoma kuwaka mwanafunzi hukosa mtihani. Kitabu kimoja cha hisabati kinaweza kuzidi dola 100. Wanaosomea uuguzi wananunua sare na vifaa, wanaosomea uchomeleaji wananunua kofia ya kioo, glavu, viatu. Dola ya mwisho haikuruhusiwa kugusa lolote kati ya hayo. Ililipa ada na ada za lazima, basi. Binti wetu wa kubuni ana zile 1,775 za Pell. Kijana wa fundi umeme ana wazazi. Kuna wa katikati, ambaye Pell yake inaishia kwenye ada na wazazi hawana akiba, na huyo ndiye anayeonekana sana kwenye orodha ya walioacha. Baadaye tnAchieves ilianza kutoa ruzuku ndogo za dharura na washauri wa kukaa na mwanafunzi hadi amalize. Ni kukiri kwa vitendo kwamba mpango wa awali uliishia mlangoni.

Vyuo vya ufundi, TCAT, vilifanya vizuri zaidi. Wakati wa Haslam vilikuwa 27 jimbo zima, Mtanzania angeviita VETA bila kusita, na wanaomaliza huwa ni zaidi ya asilimia 80. Kozi ni fupi, ratiba ni ya saa za kazi kamili, na mwisho kuna mwajiri anayesubiri. Ukitaka kuona fikra za Haslam zikifanya kazi bila mkwaruzo, nenda huko.

Pale daftari lilipokwama

Elimu ya msingi na sekondari ilimpa tabu. Alirithi mageuzi ya mtangulizi wake Phil Bredesen, ambaye mwaka 2010 aliipatia Tennessee dola milioni 501 za shindano la serikali kuu lililoitwa Race to the Top, kwa sharti la kuwapima walimu kwa matokeo ya wanafunzi. Haslam akaongeza kasi. Mwaka 2011 akasaini sheria iliyosogeza ajira ya kudumu ya mwalimu kutoka mwaka wa 3 hadi wa 5 na kuifunga na tathmini. Mwaka huohuo majadiliano ya pamoja kati ya vyama vya walimu na halmashauri yakafutwa, yakawekwa mazungumzo yasiyo na meno. Mwaka 2013 mtihani wa kitaifa ukaonyesha Tennessee imepiga hatua kuliko jimbo lolote. Haslam alikuwa na haki ya kutamba, na alitamba.

Akiwa kwenye furaha hiyo akaahidi kwamba mishahara ya walimu wa Tennessee itapanda kwa kasi kuliko jimbo lolote Marekani. Hiyo ilikuwa Oktoba 2013. Aprili 2014 mapato ya kodi za makampuni yakapungua kuliko makadirio, na nyongeza ya walimu ikaondolewa kwenye bajeti. Mwenye kampuni akikosa mapato hukata matumizi, hakuna anayeshangaa. Ila walimu walikuwa wamekubali upande wao wa makubaliano: kupimwa, kupoteza chama, kusubiri miaka mitano. Na waliona kitu kingine. Miezi ile ile gavana alikuwa anapitisha ada ya bure, pesa ikitoka kwenye mfuko uliowekwa mbali na misukosuko ya bajeti. Ahadi kwa mwanafunzi ilijengewa akiba. Ahadi kwa mwalimu iliachwa itegemee msimu. Mwaka 2015 na 2016 alirudi akaweka karibu dola milioni 100 kila mara kwa mishahara, na kwa haki lazima hilo liandikwe. Imani ya walimu haikurudi kwa mwendo huo.

Kisha ikaja TNReady, mtihani mpya wa jimbo wa kufanyiwa kwenye kompyuta. Februari 2016, siku ya kwanza kabisa, mfumo ulianguka. Jimbo likaamua mtihani ufanyike kwenye karatasi, karatasi zikachelewa kufika shule nyingi, na Aprili mkataba na kampuni iliyopewa kazi ukavunjwa. Ikaajiriwa kampuni nyingine. Aprili 2018 mtihani ukakwama tena, kwa siku kadhaa, kila siku na sababu yake. Mojawapo: lori la kubeba mchanga mashariki mwa jimbo lilikata waya wa mawasiliano. Hebu fikiria uko ofisi ya mwalimu mkuu, watoto 200 wako mbele ya skrini zilizoganda, unaambiwa ni lori, na alama za watoto hao zitaingia kwenye tathmini yako. Wabunge wa chama chake mwenyewe walimbana dakika za mwisho za kikao hadi ikapitishwa kwamba matokeo ya mwaka ule yasimdhuru mwalimu wala shule.

Daftari lenyewe linapokosea, utawala wa kupima hauna pa kusimama. Kwenye Tennessee Promise serikali ilipunguza bei ikamwacha mtu achague. Kosa likitokea, anayeumia zaidi ni mfuko. Shuleni ilipima watu ambao hawakuchagua mizani wala msambazaji wake. Sioni kama Haslam aliwahi kuitambua tofauti hiyo waziwazi.

Aliikuta tena kwenye mpango wa kukabidhi usafi na matengenezo ya majengo ya umma kwa kampuni moja kubwa ya binafsi. Alisisitiza kila taasisi iko huru kukubali au kukataa. Mwaka 2017 matawi ya Chuo Kikuu cha Tennessee, Knoxville likiwemo, yakakataa. Wafagiaji na mafundi wa chuo walikuwa wameandamana kwa miezi, na wengi walikuwa watu wa umri ule ule ambao Reconnect ilikuwa inawaita warudi darasani. Bima ya afya nayo ilimshinda. Februari 2015 aliitisha kikao maalumu kwa mpango wa Insure Tennessee, ambao ungewafikia takriban watu 280,000 kwa pesa nyingi za serikali kuu, na chama chake kikauzika kwenye kamati ya seneti kwa kura 7 dhidi ya 4.

Na kuna daftari moja ambalo hakulifungua. Siku ya kwanza ofisini, Januari 2011, alisaini agizo lililoondoa sharti la gavana na wasaidizi wake wakuu kutaja kiasi wanachoingiza. Mali zake nyingine aliziweka chini ya wadhamini. Hisa za Pilot hakuziweka. Aprili 2013 FBI walivamia makao makuu ya Pilot Flying J kwa tuhuma za kuwapunja wateja wa malori punguzo walilostahili. Mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa faini ya dola milioni 92. Kaka yake, Jimmy, ndiye aliyekuwa mkurugenzi mkuu na hakushtakiwa; Bill hakuwa na kazi yoyote pale. Bado inabaki ajabu kwamba aliyetaka kila mwalimu apimwe kwa namba aliona namba zake mwenyewe si za kuhojiwa.

Baada yake

Haslam aliondoka Januari 2019. Aliyemrithi, Bill Lee, naye ni mfanyabiashara, kampuni ya familia yake ikifanya kazi za mabomba na viyoyozi. Kwenye uchaguzi wa awali wa chama 2018 Lee alimshinda Randy Boyd, yule wa uzio wa mbwa, ambaye baadaye alikwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Tennessee. Katika elimu ya sekondari Lee alielekea zaidi kwenye vocha, yaani pesa ya serikali ya kumlipia mtoto ada ya shule binafsi, jambo ambalo Haslam alilijaribu kwa tahadhari na kulirudisha nyuma. Tennessee Promise hakuigusa. Mfuko upo, sheria ipo, na mzazi wa kila chama ameizoea. Gavana atakayeifuta itabidi awaeleze wapiga kura wake mwenyewe.

Korona ilifanya kile ambacho siasa haikuweza. Kwa darasa la 2021, waliokwenda chuo moja kwa moja baada ya sekondari walishuka hadi asilimia 52.8, chini kuliko kabla ya Promise kuanza. Ada ilikuwa bado sifuri. Maghala na migahawa yalikuwa yanalipa vizuri, na kijana wa miaka 18 akilinganisha dola 17 kwa saa leo na diploma ya miaka miwili au mitatu ijayo, bango la bei halimwambii kitu. Kwa Haslam, aliyeamini kwamba soko la ajira lingewasukuma vijana darasani, soko hilohilo likawatoa.

TCAT zilikuwa na tatizo la aina nyingine: foleni. Darasa la uchomeleaji lina vibanda vyake vya kuchomelea, vikijaa vimejaa, na kozi za wauguzi zina idadi ya wakufunzi inayodhibitiwa. Kushusha bei hadi sifuri bila kuongeza nafasi ni kosa ambalo muuza mafuta asingelifanya kwenye kituo chake. Mwaka 2023 Lee aliliomba bunge karibu dola bilioni moja kwa ajili ya vyuo hivyo, sehemu kubwa ikiwa ya majengo mapya, karakana na vifaa.